Uji Usiodondoka: Mwongozo wa Kumlisha Mtoto Kuanzia Miezi 6 hadi Miaka 5

Mtoto wangu wa kwanza alipofika miezi tisa, kadi yake ya kliniki ilikuwa na mstari wa uzito uliolala. Miezi sita ya mwanzo ulipanda vizuri, ulipofika wa saba ukajilaza. Kila mwezi napimisha, naambiwa "mama, mlishe mtoto vizuri", narudi nyumbani. Na kumlisha nilikuwa namlisha! Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Anamaliza, anacheua, analala. Nifanye nini zaidi?

Aliyenifumbua macho ni nesi mmoja mstaafu, jirani ya mama yangu mkubwa. Hakuuliza mtoto anakula mara ngapi. Alisema tu, "Hebu nenda kalete huo uji wake." Nikauleta kwenye chupa ya chai. Akamimina kidogo kwenye bakuli, akachovya kijiko, akakiinua, akakiinamisha. Uji wote ukamwagika kama chai ya maziwa, kijiko kikabaki kinang'aa. Akaniangalia. "Mwanangu, huyu unamshibisha maji."

Mwongozo huu karibu wote umetoka kwenye kile kijiko.

Kwanza, hesabu

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kalori 600 kwa siku (wataalamu huandika kilokalori, sisi tuseme kalori). Akinyonya vizuri, maziwa ya mama yanampa kama 400. Zinabaki 200 zitoke kwenye chakula. Akifika miezi 9 hadi 11, chakula kinapaswa kutoa kama 300, na kuanzia mwaka mmoja hadi wa pili kuisha, kama 550. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyokadiria kwa mtoto anayenyonya kawaida. Angalia mruko wa hapo mwishoni: ndani ya miezi michache mzigo wa chakula unakaribia kuongezeka mara mbili, na wengi wetu hapo ndipo tunapomwachia mtoto ale "kama wenzake".

Sasa tumbo. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 tumbo lake halivuki robo lita, na humo maziwa ya mama nayo yanataka nafasi. Kwa kawaida mlo wake katika umri huo ni nusu ya kikombe cha robo lita, basi.

Chukua uji wangu wa zamani: vijiko viwili vya mezani vya sembe, vya kufuta, kama gramu 20, kwenye kikombe cha maji cha robo lita. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kalori 360, kwa hiyo kikombe kizima kina kalori 70 na kitu. Nusu kikombe ni 36. Ili apate zile 200 angehitaji nusu vikombe vitano au sita kwa siku, mbali na kunyonya. Hakuna mtoto wa miezi saba wa hivyo.

Mtoto hakuwa na njaa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tumbo limejaa, kwa hiyo halii, nawe unaridhika. Labda ndiyo maana udumavu, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake, hauendi sambamba na uhaba wa chakula. Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu, Njombe na Rukwa karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Sababu ziko nyingi, kuanzia kazi za shamba zinazomchosha mama mpaka maradhi, lakini ghala likijaa bado mtoto anaweza kulala na maji tumboni.

Lini uanze

Miezi sita ikitimia. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hapana, joto la Dar es Salaam lisikutishe. Ila kuchelewa nako ni kosa: akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana, na maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kuijaza. Anza na vijiko viwili vitatu vya chai, mara mbili kwa siku, kisha panda taratibu mpaka nusu kikombe. Akisukuma chakula nje kwa ulimi siku za mwanzo, haimaanishi hakipendi, anajifunza kumeza. Na uendelee kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi.

Kupika uji wenyewe

Kipimo ni kile kile cha nesi. Uji ukiwa tayari, chota kijiko, kiinamishe. Ukimwagika, rudisha jikoni. Ukibaki kwenye kijiko na kuteremka kivivu, huo ndio.

Kwa kikombe kimoja cha maji cha robo lita:

1. Pima unga gramu 40, yaani vijiko vinne vya mezani vya kufuta. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haijakobolewa, ulezi pia ni mzuri. Koroga unga na maji kidogo ya baridi kwanza ili usifanye mabonge.
2. Mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa yanachemka, koroga bila kuacha, punguza moto, uive dakika 15 hadi 20. Uji mbichi unamsumbua mtoto tumbo.
3. Karibu kuepua, weka kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizosagwa laini. Hapo umeongeza kama kalori 90, na protini juu yake.
4. Epua, weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula au samli. Kalori 40 nyingine, na mafuta yanasaidia mwili kunyonya vitamini A. Mawese mekundu yana hiyo vitamini yenyewe. Wa Kigoma mnajua.

Jumla inakaribia 270. Kwa kuwa unga na karanga vinaufanya uji uzidi kikombe kidogo, nusu kikombe chake kina kalori 110 hadi 120, mara tatu ya ule wangu wa kwanza, na mtoto hajaongeza hata kijiko. Milo miwili ya namna hii inamaliza hesabu ya mtoto wa miezi saba. Anayeishi Pwani abadilishe sehemu ya maji kwa tui zito la nazi. Mwenye maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa apikie hayo badala ya maji.

Sukari sijaitaja kwa makusudi. Mtoto hajui kwamba uji "haunogi" bila sukari, wewe ndiye unayejua. Ukitaka utamu, ponda ndizi mbivu. Asali usimpe kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulamba tu kwa ajili ya kikohozi, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kupooza misuli ya mtoto mchanga.

Karanga ziangalie. Zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu, tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kupikwa wala kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya nyumbani, ya kuvuna wenyewe. Nunua karanga nzima, chambua mkononi moja moja, ndipo usage.

Kimea, siri ya wapika pombe

Kuna watoto wanaokataa uji mzito. Wanaushikilia mdomoni, wanautema. Kwao iko njia ya zamani, na wanaoijua vizuri kuliko wote ni wapika pombe za kienyeji: kimea. Nafaka ikichipua inatengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Kimea kidogo kikiingia kwenye uji mzito, uji unalegea wenyewe huku chakula kilichomo kikiwa kile kile. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikifanyia kazi tangu miaka ya 1980, na mradi wa lishe wa Iringa wa miaka hiyo ulikipeleka vijijini. Sijui kwa nini siku hizi kimesahaulika. Nadhani harufu ya kilabuni imekiharibia jina.

Tumia ulezi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu ukiurashia maji safi, mpaka vichipukizi vionekane. Anika juani ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi uvipepete, saga. Usikaange, moto unaua kile unachokitafuta. Ukitumia mtama, kuondoa vichipukizi ni lazima maana vina sumu. Ukiona ukungu, tupa vyote.

Pika uji mzito kama nilivyoeleza, epua, subiri upoe kiasi cha kuonjeka bila kuungua, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Dakika tano hivi utauona unateremka kama uji wa kunywa. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo ili uwe salama, kisha mpe. Mara ya kwanza nilidhani nimeuharibu.

Unga wa lishe: hapa nitagombana na watu

Pita sokoni utaona pakiti imeandikwa lishe: mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, na wengine wanatia mpaka dagaa. Sisi mama tunaona orodha ndefu, tunafurahi. Hebu ihesabu upya. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele, vyote sita ni kundi moja la chakula. Mtoto anayekula nafaka sita bado amekula nafaka.

Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia mwili usisage protini. Karanga zikisagwa pamoja na unga zinachacha mapema, na ukishasaga hutajua kama kulikuwa na zilizooza. Dagaa wanataka muda wao wa kuiva. Ushauri wangu: unga uwe wa nafaka moja au mbili, safi. Karanga, dagaa, yai na maziwa viingie kwenye sufuria siku ile ile. Utapunguza matumizi, na utajua kilichomo.

Toka kwenye uji

Uji hata ukiwa mzuri vipi hautoshi. Makundi yanayohesabiwa ni manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde, karanga na mbegu; maziwa na mtindi; nyama, samaki na maini; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A, kama mchicha, matembele, viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa), embe na papai; na mboga na matunda mengine. Kwa siku apate angalau makundi matano. Anayenyonya ana moja tayari, uji wa karanga unakupa mawili, unabaki kutafuta mawili tu.

Linalosahaulika zaidi ni nyama, na sisemi kilo ya nyama. Maini ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja kikubwa, mara moja au mbili kwa wiki, yanafanya kazi kubwa kwenye damu. Dagaa ndio mkombozi wa mwenye mfuko mwembamba (omena, kwa wasomaji wa Kenya). Osha, ondoa vichwa na mchanga, kausha kwenye kikaango mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha, hifadhi kwenye kopo kavu. Kijiko cha chai cha unga huo kinaingia kwenye maharage, mtori, mchicha, popote. Siku wasipopatikana, pika maharage au choroko, kisha mpe papai, pera au chungwa baada ya mlo ili chuma cha kwenye kunde kinyonywe vizuri.

Chai ya rangi inafanya kinyume chake: inakifunga chuma. Wapo wanaowapa watoto wa mwaka mmoja chai na mkate asubuhi, na naelewa, ndicho kilichopo mezani. Mpe mkate, chai muachie baba.

Huna haja ya kupika sufuria mbili kila siku. Kabla hujatia pilipili na chumvi nyingi, mchotee mtoto wake. Miezi 6 hadi 8 ponda mpaka laini. Kuanzia miezi 9 acha vibonge vidogo, maana anatakiwa kujifunza kutafuna. Akifika mwaka anakula chakula cha familia kilichokatwakatwa. Blenda inayolainisha kila kitu mpaka mwaka na nusu inamchelewesha, na ikioshwa vibaya inamharisha. Karanga nzima, njugu nzima na bisi vikae mbali naye mpaka apite miaka mitano.

Siku moja ya mtoto wa miezi kumi

Ananyonya akiamka. Saa moja unusu asubuhi, nusu kikombe cha uji wetu, kalori 115 hivi. Saa nne, nusu ya ndizi mbivu au vijiko viwili vya parachichi, 45. Mchana, wali uliopondwa na mchuzi wa maharage, unga wa dagaa, mchicha uliokatwa laini na kijiko cha chai cha mafuta, nusu kikombe, 120. Jioni, kiazi lishe cha kadiri kilichopondwa na nusu yai, 105. Kati ya hapo ananyonya kila anapotaka, na usiku pia.

Zimefika 385, wakati lengo lilikuwa 300. Usihofu. Nyingine zitaishia kwenye nguo, nyingine kwa kuku.

Akivuka mwaka, milo mitatu hadi minne na vitafunio mara moja au mbili, na bakuli lipande kutoka robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Asiyenyonya kabisa hesabu yake ni nzito: 600, kisha 700, kisha 900 akiwa mwaka wa pili, zote kutoka kwenye chakula. Mwongezee mlo mmoja au miwili na maziwa kikombe kimoja hadi viwili kwa siku, yaliyochemshwa, yasiyoongezwa maji.

Kulisha ni kazi nyingine

Mtoto awe na bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake wa miaka sita na minane, hutajua amekula nini, na mwenye mkono mrefu ndiye atakayeshiba. Kaa mbele yake, ongea naye, msubiri. Kumbana pua na kummiminia uji mdomoni, kama tulivyolelewa wengi wetu, kunamfanya auogope mlo, na unaweza kuingia kwenye mapafu. Chakula kipya akikikataa, mpe tena kesho kutwa, na wiki ijayo. Wa pili wangu alitema maini mara saba. Ya nane akaomba.

Tumia kikombe na kijiko. Chupa yenye chuchu ni ngumu kusafisha kwenye kona zake, na inakulazimisha kufanya uji uwe mwepesi ili upite. Nawa mikono kwa sabuni, yako na yake. Uji ukishakaa saa mbili, usimpe. Kwenye chupa ya chai vijidudu huongezeka kadiri joto linavyoshuka. Kinachovumilia zaidi ni togwa, kwa sababu uchachu wake unazuia vijidudu vingi vya kuharisha, ilimradi iwe changa na chombo kiwe safi.

Akiugua

Hapa tunakosea sana kwa huruma. Mtoto anaharisha, tunamwachisha kula "tumbo lipumzike". Mnyonyeshe zaidi, mpe maji ya ORS na zinki kama ulivyoelekezwa na mhudumu, na chakula laini anachokipenda, kidogo kidogo, mara nyingi. Akipona, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Huo mlo ndio unaorudisha kilo zilizopotea. Bila huo, mstari wa kadi unalala, halafu ugonjwa mwingine unamkuta chini.

Miaka miwili hadi mitano

Mahitaji yanapanda kutoka kama kalori 1,050 hadi 1,125 mwaka wa tatu wa maisha, mpaka 1,250 hadi 1,350 akikaribia miaka mitano, wavulana wakizidi wasichana kidogo. Ni milo mitatu ya kweli na vitafunio viwili. Adui wa umri huu ni duka la jirani: soda, juisi za pakiti, biskuti na vichipsi vinaua hamu ya mlo kwa shilingi mia mbili. Kiazi kilichochemshwa, ndizi, embe, mtindi au kipande cha muhogo wa kuchemsha vinafanya kazi ile ile. Vitamini A kila baada ya miezi sita na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja visikupite.

Kadi na utepe

Mpeleke apimwe kila mwezi, nawe uangalie mstari, usiangalie namba peke yake. Mstari ukilala mwezi mmoja, uliza. Miezi miwili, dai majibu, na wakikwambia "mlishe vizuri" waulize: kitu gani, kiasi gani, mara ngapi. Utepe wa kupima mkono juu ya kiwiko ukisoma chini ya sentimita 12.5 yuko hatarini. Chini ya 11.5, au miguu yote miwili ikivimba na kuacha shimo ukibonyeza, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani kwangu nilibandika karatasi ukutani juu ya jiko kwa ajili ya dada aliyekuwa anabaki na mtoto mimi nikiwa kazini. Mistari minne: uji usidondoke kwenye kijiko, karanga kijiko kimoja, mafuta kijiko kidogo, bakuli lake la bluu. Baada ya wiki moja nikakuta ameongeza wa tano kwa kalamu nyekundu: "Maharage hataki mpaka uyachanganye na parachichi."